Kifaa cha Akili Mnemba au Simu Ileile?

Tarehe 28 Februari 2025, adhuhuri kwa saa za California, pini ya kifuani iitwayo Ai Pin ilikata kauli. Haikudondoka wala kuingia maji. Humane, kampuni iliyoibuni, ilikuwa imeuza sehemu kubwa ya mali yake kwa HP kwa dola milioni 116, na seva ambazo pini ile ilizitegemea kwa karibu kila jambo zikazimwa. Aliyeinunua kwa dola 699 na kuendelea kulipa dola 24 kila mwezi alibaki na kipande cha alumini chenye sumaku. Walioinunua katika siku 90 za mwisho walirudishiwa fedha. Waliotangulia, wale hasa walioiamini tangu mwanzo, hawakurudishiwa. Katika tangazo la kuaga, kampuni ilieleza kwamba mambo yasiyohitaji mtandao yangeendelea kufanya kazi, na mfano ilioutaja ni kuangalia kiwango cha chaji.

Mkasa huo wa Marekani unamhusu msomaji wa Dar es Salaam, Mombasa au Bujumbura kwa sababu biashara yenyewe haikufa pamoja na Humane. Kuna vidani vinavyosikiliza mazungumzo ya siku nzima, vinasa sauti vyembamba vya kubandika nyuma ya simu, miwani yenye kamera, na vitu vingine vinavyoahidi kwamba ukivivaa hutahitaji tena kuinamia kioo. Matangazo yake yanapita mbele yetu kila tunapofungua mitandao ya kijamii, na ndugu aliyeko Dubai au Minneapolis huuliza akuletee kipi akija likizo. Msimamo wangu ni huu: akili ya vifaa hivi haimo ndani yake. Iko kwenye seva za mbali, na njia ya kuifikia tayari unayo mfukoni. Kwa hiyo fedha yako, kama lazima itoke, ilipie kiungo ambacho simu haina: jicho lililo usawa wa macho yako, mkono ulio huru, au chombo kinachoona kisichoonwa na kamera. Kifaa kisicholeta kiungo cha namna hiyo kinakuuzia mara ya pili kitu ulichokwisha kununua.

Tazama kilichotokea kwa Rabbit R1. Kisanduku hicho cha rangi ya chungwa kilizinduliwa Las Vegas Januari 2024 kwa dola 199, bila ada ya mwezi. Kilikuwa na kioo cha inchi 2.88, kamera inayozunguka na gurudumu la kusogezea maandishi, na umbo lake lilibuniwa na Teenage Engineering ya Sweden, watu wanaojua kutengeneza kitu kikapendeza machoni. Mwishoni mwa Aprili, siku chache baada ya mizigo ya kwanza kuwafikia wateja, waandishi wa Android Authority walionyesha kwamba kinachoendesha R1 ni programu ya Android, wakaipachika kwenye simu ya Google Pixel 6a nayo ikajibu maswali. Kampuni ilijitetea kwamba programu hiyo peke yake si bidhaa nzima, na kwamba kazi kubwa hufanyika kwenye seva zake. Sioni utetezi huo unamsaidia vipi mnunuzi. Ikiwa kazi kubwa iko kwenye seva, basi kilichomo mkononi ni maikrofoni, spika, kamera na kioo kidogo, vitu ambavyo simu ya bei ya kawaida kabisa inavyo, tena vizuri zaidi. Betri ya R1 ilikuwa ya mAh 1,000. Simu nyingi za Android zinazouzwa Kariakoo au Luthuli Avenue zina mAh 5,000.

Tofauti hiyo ya betri haikutokana na uzembe. Simu hutengenezwa kwa zaidi ya bilioni moja kila mwaka duniani, na wingi huo ndio unaoshusha bei ya chipu, kioo, kamera na betri hadi simu ya dola 150 iwe na uwezo ambao miaka 15 iliyopita haukununulika kwa bei yoyote. Kampuni changa inayotengeneza vifaa elfu kumi au laki moja haiwezi kupata bei hizo, na ikikifanya kifaa kiwe kidogo ili kivaliwe, inagongana na maumbile yenyewe: kitu kidogo kina nafasi ndogo ya betri na eneo dogo la kutolea joto. Ai Pin ililalamikiwa sana kwa kupata moto kifuani, na kisanduku chake cha kuchajia kikaja kurejeshwa kiwandani kwa hofu ya kuwaka. (Waanzilishi wa Humane, Imran Chaudhri na Bethany Bongiorno, walitoka Apple, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema walikuwa wageni wa kazi.) Badala ya kioo waliweka mwanga wa leza unaoandika kwenye kiganja. Ulipendeza gizani, lakini juani ulisomeka kwa shida, na sisi tunaishi juani.

Suala la kioo lina uzito kuliko linavyoonekana. Akili mnemba hukosea, tena hukosea kwa sauti ya kujiamini, na namna pekee ya kujikinga ni kuweza kulisoma jibu, kulirudia na kulilinganisha na chanzo kingine. Katika video ya uzinduzi ya Ai Pin yenyewe, Novemba 2023, pini iliulizwa mahali pazuri pa kutazama kupatwa kwa jua kwa Aprili 2024, ikataja Exmouth huko Australia na Timor ya Mashariki. Kupatwa huko kulionekana Mexico, Marekani na Kanada. Watu waliokuwa wakiitangaza bidhaa yao walilisikia jibu hilo, likawapita. Kama wao liliwapita, mzazi anayeuliza dozi ya dawa ya mtoto huku mikono imeshika sufuria atalinasa vipi? Kwenye simu, jibu hubaki mbele yako, na chini yake mara nyingi kuna kiungo cha kubofya uone limetoka wapi.

Watetezi wa vifaa hivi watasema kwamba kujibu maswali ni hatua ya kwanza tu. Lengo ni kifaa kitende. Uiambie pini ikuitie teksi, ikulipie umeme, ikununulie tiketi ya basi, bila wewe kufungua programu hata moja. Hiyo ndiyo ahadi iliyoiuza R1. Ilipofika kwa wateja, huduma ilizoweza kuzishika zilikuwa chache sana: Spotify, Uber, DoorDash ya kuagiza chakula na Midjourney ya kuchora picha, na hata hizo zilishikwa kwa kusuasua. Sababu haihusu akili. Ili mtu mwingine atende kwa niaba yako lazima umpe funguo zako, na wenye huduma hawana haja ya kumfungulia mlango mpatanishi anayekaa kati yao na mteja wao. Kwa Afrika Mashariki, ambako malipo mengi hupita M-Pesa, Airtel Money na ndugu zao, jambo hili ni zito zaidi. Muamala unathibitishwa kwa namba ya siri inayoandikwa kwenye simu yenye laini yako. Kifaa kipya hakina laini hiyo. Ili kikulipie, ama kitakurudisha kwenye simu ukaandike namba ya siri, na hapo faida yake imekwisha, ama kitakuomba ukikabidhi namba hiyo. Msaidizi wa akili mnemba anayekuomba namba ya siri ya pesa za simu mkatalie, hata awe na sauti tamu kiasi gani.

Kuna hoja moja dhidi yangu ninayoiheshimu. Inasema kwamba simu imekuwa mtego: unaifungua kutazama saa, dakika arobaini baadaye bado uko TikTok. Kifaa chenye kazi moja, kisicho na kioo cha kukunasa, kingekuwa njia ya kupata faida ya akili mnemba bila madhara ya simu. Ugonjwa unaotajwa ni wa kweli. Dawa ndiyo ninayoitilia shaka. Hakuna hata kimoja kati ya vifaa vilivyouzwa hadi sasa kilichomfanya mnunuzi aache simu. Ameendelea kubeba simu kwa ajili ya WhatsApp, benki, kamera na mke wake, kisha ameongeza kitu cha pili cha kuchaji usiku. Na dalili zilizopo zinaonyesha kipi kati ya viwili hivyo huachwa nyumbani: Septemba 2024 takwimu za Rabbit yenyewe zilionyesha kwamba wengi wa watu wapatao 100,000 waliokuwa na R1 hawakuwa wakiitumia kila siku. Anayetaka kupunguza utumwa wa kioo atafaidika zaidi kwa kuzima arifa zote isipokuwa simu na ujumbe wa watu wake wa karibu, kazi ya dakika kumi isiyo na gharama.

Wengine hukumbusha kwamba kila kitu kipya huanza kibaya. Simu ya kwanza ya iPhone, mwaka 2007, haikuwa na duka la programu. Duka lilikuja Julai 2008. Ni kweli, lakini aliyeinunua mwaka huo wa kwanza alipata simu, kicheza muziki na kivinjari cha intaneti kwenye kitu kimoja, akaweza kuacha viwili nyumbani siku hiyohiyo. Ilijilipa kabla ahadi hazijatimia. Ai Pin na R1 ziliuzwa kwa ahadi, na zilipunguza mzigo wa mfukoni kwa sifuri. Mwenye fedha za kuchezea anaweza kuwekeza kwenye ndoto ya mtu mwingine, na dunia humshukuru kwa kugharimia majaribio. Mshahara wa kawaida hauna fungu hilo.

Sasa upande wa pili, kwa sababu ningekuwa nawadanganya wasomaji kama ningesema kila kifaa ni upuuzi. Miwani ya Ray-Ban Meta, kizazi kilichotoka Oktoba 2023 kwa kuanzia dola 299, iliuzwa zaidi ya milioni mbili kufikia mapema 2025 kwa mujibu wa EssilorLuxottica, kampuni inayoitengeneza pamoja na Meta. Kwa nini hii ilipita pale pini ilipokwama? Kwanza, haikujaribu kuiua simu. Huunganishwa nayo kwa Bluetooth na kutumia intaneti yake. Pili, akili mnemba ikiondolewa yote, bado ni miwani ya jua, kamera na spika za masikioni. Tatu, na hili ndilo la msingi, inaleta kiungo: kamera inayotazama unakotazama, mikono ikiwa huru. Kwa fundi aliye juu ya ngazi hilo lina maana. Kwa mtu asiyeona lina maana kubwa zaidi. Be My Eyes, huduma iliyoanzia Denmark mwaka 2015 ya kuwaunganisha wasioona na wanaojitolea kuwasomea na kuwaelezea kilicho mbele ya kamera, imeingizwa kwenye miwani hiyo, na anayeitumia hana haja ya kuinua simu kwa mkono mmoja huku fimbo ikiwa kwenye mwingine. Hapo kifaa kimestahili bei yake. Lakini angalia pia kwamba Be My Eyes kwenye simu ni bure, na kwamba tangu 2023 inaweza kueleza picha kwa akili mnemba bila kumngojea mtu. Kabla ya hapo, kamera ya kubandika kwenye miwani iitwayo OrCam MyEye, inayosoma maandishi kwa sauti bila intaneti, iliuzwa kwa maelfu ya dola. Asiyeona mwenye bajeti ndogo aanze na programu. Miwani ni hatua ya baadaye, ikiwa mikono huru ndiyo anayoikosa.

Mfano ulio bora kuliko miwani umekwisha kufika kwetu, na hautangazwi Instagram. Butterfly iQ ni kifaa cha ultrasaundi kinachoshikwa kwa mkono mmoja na kuchomekwa kwenye simu au kishikwambi. Mashine za zamani za ultrasaundi hutumia fuwele zinazotikisika. Hii hutumia chipu yenye maelfu ya vitikisiko vidogo, na ilipoanza kuuzwa mwaka 2018 bei yake ilikuwa karibu dola 2,000, wakati mashine za hospitali hugharimu makumi ya maelfu. Mwaka 2022, kwa fedha za Gates Foundation, mamia ya vifaa hivyo vilianza kupelekwa kwa wakunga na wahudumu wa afya nchini Kenya kupitia Chuo Kikuu cha Kenyatta. Hapa kila upande unafanya kazi yake. Kifaa kinaona ndani ya tumbo, jambo ambalo hakuna programu itakayoliwezesha kwa kamera ya kawaida. Simu inatoa kioo, betri, hifadhi na mawasiliano. Aliyekibuni hakupoteza senti kutengeneza tena kioo ambacho mkunga tayari anacho.

Ukitaka kuona upande wa programu ukishinda bila kifaa chochote, nenda kwenye shamba la muhogo. Programu ya Nuru, iliyotengenezwa na PlantVillage ya Chuo Kikuu cha Penn State pamoja na taasisi ya utafiti wa kilimo ya IITA, humwezesha mkulima au bwana shamba kuelekeza kamera ya simu ya Android kwenye jani na kuambiwa kama lina dalili za batobato au michirizi ya kahawia. Imejaribiwa na kutumika Tanzania na Kenya, inazungumza Kiswahili, na inafanya uchunguzi wake ndani ya simu bila intaneti. Mtu angeweza kabisa kubuni kifaa maalumu cha kuchunguza muhogo, akakiweka rangi ya kijani na kukitoza dola 200. Kingekuwa kibovu kuliko Nuru na kingefika kwa watu wachache, kwa sababu macho yanayohitajika kwa kazi hiyo yamo tayari kwenye simu ya jirani.

Nuru inajibu pia hoja ya wale wanaosema kwamba karibuni akili mnemba itaishi ndani ya kifaa, na hapo utegemezi wa seva utakwisha. Itaishi, ndiyo, na makao yake ya kwanza yatakuwa kwenye simu, kwa kuwa huko ndiko kuliko na chipu zenye nguvu na betri za kuzilisha. Na wanaosema kwamba kifaa cha sauti kingemfaa bibi asiyesoma? Wanasahau kwamba bibi huyo, kama ana mjukuu mwenye simu janja, amekwisha kuzoea kutuma na kusikiliza sauti kwa WhatsApp. Kinachomkwamisha ni lugha, na katika lugha programu zimevitangulia vifaa hivi kwa mbali: huduma ya Google iliyoitwa Bard, ambayo sasa ni Gemini, ilianza kujibu kwa Kiswahili Julai 2023, na hakuna aliyelazimika kununua kitu kipya. Ai Pin ilianza kwa soko la Marekani, ikiwa imefungwa kwenye mtandao wa T-Mobile.

Kuhusu vidani na vinasa sauti vinavyorekodi siku nzima na kukuandalia muhtasari, nitasema machache. Kinasa sauti kizuri kina maana kwa mwandishi wa habari, mwanafunzi wa udaktari au katibu wa kikao, kwa kuwa maikrofoni yake hunasa chumba kizima na betri yake haishindani na simu. Kidani kinachosikiliza kila kitu ni jambo jingine, maana sauti zinazoingia humo nyingi si zako. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Mwajiri, mgonjwa au mteja aliyerekodiwa bila ridhaa ana pa kwenda kulalamika. Na kampuni hizi hubadilisha mikono. Mwaka 2025 Amazon ilinunua Bee, watengenezaji wa bangili ya kurekodi, na mwisho wa mwaka huo Meta ikanunua Limitless, watengenezaji wa kidani. Aliyeikabidhi kampuni ndogo mazungumzo ya nyumbani kwake amejikuta ana mwenye nyumba mpya.

Basi, kama kuna kifaa kimekuvutia, kwanza kifanyie majaribio bila kukinunua. Chukua simu uliyonayo, weka programu moja ya bure ya akili mnemba yenye mazungumzo ya sauti, iwe ChatGPT au Gemini, chomeka hedifoni yenye maiki, na uweke njia yake ya mkato kwenye ukurasa wa mwanzo wa simu ili uifikie kwa mguso mmoja. Itumie kwa mwezi mzima, barabarani, jikoni na kazini. Utajua bando linaliwa kiasi gani, ni maswali gani hujibiwa vizuri kwa Kiswahili na yapi huharibiwa, na zaidi ya yote utajua kama kweli una haja ya kuongea na mashine. Wengi watagundua kwamba huiita mara mbili tatu kwa wiki, na kidani cha dola 100 hakitabadili hilo. Wachache watagundua kwamba wanaitumia mno na kwamba kuna kikwazo kimoja halisi: mikono iliyojaa grisi, macho yasiyoona, chumba chenye watu ishirini wanaozungumza. Hao sasa wanajua wanatafuta nini dukani.

Kabla ya kumtumia ndugu fedha, angalia kama huduma za akili mnemba za kifaa hicho zimefunguliwa katika nchi unayoishi, maana miwani ya Meta, kwa mfano, ilipata uwezo huo nchi kwa nchi, na kununuliwa Dubai hakuibadilishi Tabora kuwa Toronto. Uliza kama kuna ada ya mwezi na kama kadi yako ya benki itakubaliwa kuilipa. Jumlisha mwaka mzima: Ai Pin ya dola 699 ilikuwa karibu dola 987 kwa mwaka wa kwanza, kabla ya ushuru wa forodha na VAT, ambayo Kenya ni asilimia 16 na Tanzania Bara 18. Uliza betri hubadilishwa wapi.

Vingine vinakuja. Mei 2025 OpenAI, watengenezaji wa ChatGPT, ilitangaza kuinunua io, kampuni ya vifaa ya Jony Ive, aliyesanifu iPhone, kwa takriban dola bilioni 6.5, na kitakachotoka humo kitasifiwa kila kona kabla hakijafika Mombasa. Kikifika, mwombe muuzaji azime intaneti na Bluetooth mbele yako, kisha akuonyeshe kinachoendelea kufanya kazi. Asipoonyesha kitu zaidi ya kiwango cha chaji, mshukuru na utoke dukani na fedha zako.